Nani Anampima Mvuvi?

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anavua dagaa na ana kifafa. Mimi nasoma ualimu, si sheria, na nisingejua lolote kuhusu cheti cha afya cha mvuvi kama asingekuja geto kwangu hapa Buhongwa siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hupumzika. Akaniambia alianguka usiku ndani ya mtumbwi, wenzake wakamshikilia mpaka akazinduka. Tajiri wake hajui.

Nikajiuliza: sheria si inataka mvuvi apimwe?

Inataka, ila inategemea ni mvuvi gani. Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2007 na kuanza kutumika Novemba 2017, unazitaka nchi zilizouridhia zisiruhusu mtu kufanya kazi kwenye chombo cha uvuvi bila cheti cha daktari. Kwa meli ya mita 24 na zaidi, au inayokaa majini zaidi ya siku 3, hakuna msamaha. Cheti kiseme mtu anaona na kusikia vya kutosha, na hana ugonjwa utakaozidishwa na kazi ya majini au kuhatarisha wenzake. Kinadumu miaka 2, na kwa aliye chini ya miaka 18, mwaka 1 tu. Vyombo vidogo vinaweza kusamehewa, na nchi ikiona ugumu mkubwa inaweza hata kuacha nje vyombo vya maziwani na mitoni. Mtumbwi wa dagaa unapenya hapo hapo.

Kwetu ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA. Wafanyakazi wapimwe kabla ya kuanza kazi, na baadaye kila baada ya muda. Sawa, lakini muulize kaka mwajiri wake nani. Mkataba hana, analipwa kwa mgao, tajiri akishatoa gharama za mafuta. Mwaloni nimeona watu wakiulizwa leseni, cheti cha daktari sijawahi.

Wanaopimwa ni wakata minofu ya sangara viwandani. Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hofu ya salmonela, kipindupindu na uvuvi wa sumu, masharti ya usafi na afya yalikazwa. Ni haki, ila anayelindwa pale ni mlaji.

Nilimweleza kaka haya yote. Akacheka. "Dogo, nikipimwa si ndo nimefukuzwa?"

Hapo nilikwama, maana hakukosea. Nikamsomea kifungu kingine: anayenyimwa cheti, au anayewekewa mipaka ya kazi, ana haki ya kupimwa tena na daktari mwingine asiyefungamana na upande wowote. Hayo maneno "mipaka ya kazi" nilimrudia mara mbili. Maana yake anaweza kuzuiwa majini bila kufungiwa kazi zote: aanike dagaa, ashone nyavu, apakie mizigo Kirumba Mwaloni. Akaniuliza nani atamfidia mgao. Nilitafuta kifungu cha hilo, sikukiona.

Tulichokubaliana ni arudi kliniki kwa dawa alizoziacha, amwambie nahodha ukweli, na asiingie ziwani bila jaketi la kuokolea. Giza linaanza wiki ijayo. Jaketi amenunua, kliniki bado.