Gesi Nayo Ina Moshi Wake

Kuna usemi uliozagaa miongoni mwa mafundi wetu, na hata miongoni mwa watu waliosoma, kwamba gesi haina moshi. Nimeusikia madukani, nimeusikia katika mikutano ya wazazi, na mwezi wa Juni mwaka huu niliusikia ndani ya chumba cha wagonjwa cha shule moja ya bweni karibu na Nyahururu, ambako mimi ni mmoja wa wanahalmashauri. Aliyeutamka alikuwa fundi aliyepanda ngazi, kichwa chake ki darini, akaniambia kwa heshima zote: "Mwalimu, hii si kuni wala makaa. Gesi haina moshi. Bomba likiishia hapa juu ya dari linatosha. Mabati tusiyatoboe bure, yatavuja."

Fundi huyo nilimfunza kemia. Namkumbuka vizuri, maana alikuwa mwepesi wa kusawazisha milinganyo, na swali la kaboni na misombo yake hakulikosa hata mara moja. Aliandika, kama walivyoandika maelfu ya wenzake, kwamba kaboni monoksaidi ni gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, nayo ni sumu. Nikampa alama zake. Hivi sasa, miaka mingi baadaye, alikuwa anakusudia kuielekeza gesi iyo hiyo juu ya vitanda vya watoto.

Hita zenyewe ni mbili. Ni zawadi ya wanafunzi wa zamani wa shule hiyo wanaofanya kazi Uingereza, ambao walikumbuka jinsi walivyotetemeka usiku wa Julai. Ni za kufungwa ukutani, za aina ile inayotoa moshi wake nje kwa bomba, na zilifika ndani ya maboksi pamoja na kijitabu cha maagizo. Kijitabu hicho nilikikuta kingali kimefungwa katika karatasi yake ya plastiki.

Hata hivyo, msomaji, sina haki ya kumcheka fundi wangu. Mnamo Julai 1988 mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu kijana wa kemia katika sehemu zizo hizo za baridi, nikiishi chumba kimoja na mwalimu wa historia. Wiki ile nilikuwa nimewafunza Kidato cha Pili somo la kaboni. Usiku wa Alhamisi baridi ilituzidi. Tuliziba kwa magazeti vitundu vya hewa vilivyokuwa juu ya dirisha, tukaingiza jiko la makaa, tukalala. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata chembe, na nadhani huo ndio uliokuwa ushahidi wetu kwamba hayana madhara.

Niliamka kichwa kikipasuka na miguu ikikataa kunitii. Nilitambaa hadi mlangoni, nikaufungua, nikaanguka kizingitini, na pengine upepo ulioingia kwa kuwa mwili wangu uliuzuia mlango usijifunge ndio uliotuokoa sote wawili. Mwenzangu alipelekwa hospitali hajitambui. Alitiwa oksijeni, akafumbua macho, na baada ya siku chache akarudi darasani, tukamshukuru Mungu. Wiki ya tatu akaanza kusahau. Alisahau majina ya wanafunzi, kisha akawa anafunza somo la jana leo, kisha akasimama mbele ya ubao akiwa na chaki mkononi asijue alilotaka kuandika. Kabla mwaka haujaisha aliacha kazi. Wako waliosema amerogwa. Mimi nilijua kilichompata, na nilijua pia kwamba wazo la kuliingiza jiko lilikuwa langu. Jambo hilo sikumwambia mtu hadi nilipostaafu.

Yafaa basi tuieleze sumu hii jinsi inavyofanya kazi, si kwa ajili ya mtihani. Himoglobini iliyo katika damu yetu ndiyo ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Kaboni monoksaidi huishikilia himoglobini hiyo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kiasi kwamba hewa yenye sumu kidogo tu, ikivutwa usiku kucha, huijaza damu polepole. Ukimtoa mtu nje kwenye hewa safi, huchukua muda wa saa nne hadi tano kabla ya nusu ya sumu hiyo kumtoka. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hupungua hadi saa moja na nusu hivi. Ndiyo maana aliyenusurika hafai kuambiwa anywe maziwa akalale, apelekwe hospitali.

Na gesi ya mtungi? Ikiungua vyema, hutoa kaboni dayoksaidi na maji. Huo ndio moshi wake, ila hauonekani. Kila kilo moja ya gesi hiyo ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji yakiwa mvuke, na asiyeamini na aangalie vioo vya dirisha vinavyotokwa na jasho katika jikoni iliyofungwa. Pindi hewa inapopungua, mambo hubadilika: kaboni haipati oksijeni ya kutosha, na ile sumu ya makaa huzaliwa katika mwali wa gesi vilevile. Mwali uliokuwa wa buluu, uliotulia, huwa wa manjano na kuchezacheza, na masizi meusi huanza kujipaka ukutani. Zipo hita zilizotengenezwa kwa umbo la kuni bandia ambazo mwali wake huwa wa manjano kwa makusudi, kwa hivyo rangi peke yake haitoshi kuwa hakimu. Lakini masizi hayana utetezi.

Nilikifungua kile kijitabu, nikakaa nacho kwenye kitanda cha mgonjwa, nikakisoma huku fundi akinisubiri. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hita ziliundwa kwa ajili ya gesi asilia, ile inayosambazwa kwa mabomba hadi nyumbani huko Uingereza, wala si gesi ya mtungi tunayonunua sisi. Kwa ujazo ule ule, gesi yetu ina nishati ya karibu mara mbili na nusu ya ile yao. Tundu la kupitishia gesi lililotobolewa kwa kipimo cha huko lingemwaga hapa gesi nyingi kupita hewa iliyopo ya kuichoma. Na hewa yenyewe je? Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho shinikizo la hewa limepungua kwa karibu robo likilinganishwa na la Mombasa, na hita iliyorekebishwa kwa ajili ya nchi za pwani au za tambarare hukosa oksijeni isipopunguziwa gesi. Haya hayakuandikwa popote juu ya boksi. Fundi wangu angeunganisha mtungi, hita ingewaka, na kila mtu angepiga makofi.

Kuhusu bomba, sikuwa na haja ya kijitabu. Bomba linaloishia juu ya dari halitoi moshi nje; linauhamisha tu kutoka chumbani hadi darini, ambako utapoa, utateremka kupitia nyufa za mbao, na kuwarudia waliolala. Moshi hupanda kwa sababu una joto. Ukipoa njiani hauendi tena, na ndiyo sababu bomba hutakiwa kuwa la kuta mbili zenye nafasi katikati, lipande wima iwezekanavyo, lisipindwepindwe, litokeze juu ya paa mahali ambapo upepo hauusukumi moshi kurudi ndani, mbali na madirisha, likiwa na kofia ya kuzuia mvua na ndege wanaopenda kujenga viota. Mabati kuvuja ni hofu ya haki, lakini tundu la paa huzibwa kingo zake kwa bati lililokunjwa kama ukosi. Fundi wa paa asiyeijua kazi hiyo simjui.

Kuna aina nyingine ya hita, bora zaidi kwa vyumba vya kulala, ambayo huvuta hewa yake kutoka nje na kuutoa moshi nje kupitia ukuta ule ule, moto wenyewe ukiwa umefungiwa nyuma ya kioo. Hiyo haigusi hewa ya chumbani hata kidogo. Hizi zetu sivyo. Hizi hula hewa ya chumba, na kwa hivyo chumba lazima kiwe na tundu la hewa lisilozibwa, hata baridi iwe kali namna gani. Nilipotazama juu ya dirisha la chumba kile niliona matambara yamesokomezwa katika vitundu. Nilidhani nimerudi 1988.

Niseme lililonitisha zaidi. Dalili za sumu hii ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na uchovu. Sasa, mtoto anayelazwa katika chumba cha wagonjwa cha shule amekuja na nini kama si hayo hayo? Matroni atamwona amezidiwa, atadhani ni homa ya mafua au malaria, atamfunika blanketi la pili na kuufunga mlango vizuri zaidi. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho wengi wamekizoea tangu ugonjwa wa korona ulipotufikia mwaka 2020, hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu. Kitaonyesha kwamba mtoto yu salama. Dalili moja tu husaidia: wakiumwa wote pamoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, basi si mafua.

Wachimba migodi wa Uingereza walilitambua tatizo hili zamani. Mwanasayansi John Scott Haldane, aliyechunguza vifo vya migodini katika miaka ya 1890, alipendekeza viumbe wadogo watumiwe kutoa onyo, na ndege waitwao kanari wakabebwa chini ya ardhi hadi miaka ya 1980, kwa kuwa huanguka kabla ya binadamu. Leo kuna king'ora kidogo cha betri kinachoifanya kazi hiyo. Tena katika nchi hiyo, sheria ya mwaka 1998 humlazimu mwenye nyumba ya kupangisha kuvikaguza vifaa vya gesi kila baada ya miezi 12, na kwa fundi aliyesajiliwa. Wao waliozoea gesi kwa vizazi hawaiamini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sisi tunaitazama siku ya kwanza, basi.

Sikutia sahihi. Tuliwaandikia watengenezaji tukiwatajia aina ya gesi yetu na kimo cha mahali, wakatuletea vipuri vinavyofaa. Tukamwita fundi wa gesi mwenye leseni, na mwanafunzi wangu akafanya kazi chini yake. Mtungi uliwekwa nje, wima, mahali penye upepo, kwa sababu gesi yake ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini na kutuama. Viungo vyote vilipakwa povu la sabuni ili palipo na tundu paonekane kwa mapovu, kiberiti hakikukaribia. Bomba likatoboa dari, likatoboa mabati, likatokeza.

Kisha tukafanya jaribio ambalo ningependa kila mwalimu wa sayansi alijue. Tulifunga milango na madirisha, tukaiacha ile hita iwake dakika 10, halafu nikawasha kijiti cha udi na kukisogeza kwenye mwanya ulio juu ya hita, pale moshi wake unapoingia katika bomba. Moshi wa udi ukifyonzwa ndani, dohani inavuta. Ukisukumwa nje kukuelekea usoni, zima hita, fungua mlango, utafute kilichoziba. Ulifyonzwa. Mwanafunzi wangu aliniomba kijiti, akalirudia jaribio mara mbili, hakusema kitu.

King'ora kimefungwa ukutani, na matroni amekabidhiwa ufunguo wa kukipima kila Jumatatu. Matambara tuliyatoa.

Imebaki hita ya pili. Wenzangu katika halmashauri wanataka ifungwe katika bweni la Kidato cha Kwanza kabla ya Julai ijayo. Mweka hazina amepiga hesabu ya bomba la kupita paa refu la bweni lile, akasema gharama yake inakaribia bei ya hita yenyewe, na kwamba chumba ni kikubwa, hewa ni nyingi, watoto ni 64 na wanapumua vizuri. Nilimjibu kwamba watoto 64 wanaopumua ndiyo sababu. Hatujaelewana. Hita iko stoo, ndani ya boksi lake, na kijitabu nimekaa nacho mimi hadi mkutano wa Novemba.