Mchikichi Si Mgomba

Katika kilimo cha chikichi mkoani Kigoma hakuna swali linalorudiwa bila kutafakariwa kama lile la kwa nini Tenera, chotara wa Dura na Pisifera mwenye gamba jembamba na nyama nene ya mawese, asizalishwe chupani kama miche ya migomba, ili mkulima wa Busunzu na mwenzake wa Kasulu wapate wote nakala ya mti mmoja bora. Msingi wa swali hilo ni imani kwamba tishu ya mmea wowote, ikipewa chakula na homoni maabarani, huchipua, na kwamba kinachochipua hufanana na mama yake kwa kila hali. Imani hiyo ni potofu katika sehemu zake zote mbili.

Mgomba hutoa machipukizi kutoka kwenye tunguu lake, kwa hiyo maabara huharakisha tu kazi ambayo mmea huifanya wenyewe shambani; mchikichi una kilele kimoja cha kukulia, nacho kikikatwa mti hufa. Inabidi vipande vya majani machanga vilazimishwe kuwa kalasi, yaani bonge la seli zilizoacha kazi ya jani, kisha bonge hilo lizae viinitete. Hapo jeni ndizo zinazoamua, kwani katika chakula kilekile na chumba kilekile mti mmoja huzaa viinitete ilhali wa ukoo mwingine hubaki bonge mpaka likaharibika, na kuongeza homoni hakuwezi kufuta tofauti hiyo kwa kila mti.

Hata palipofanikiwa, nakala haikufanana na mama kila mara. Katika miaka ya 1980 ilibainika kwamba baadhi ya michikichi ya chupani iliyopandwa Malaysia ilizaa matunda yaliyozungukwa na vipande vya ziada vya nyama, mfano wa vidole vilivyofumbata kokwa, na pale kasoro ilipokuwa kubwa mkungu haukukomaa. Kasoro hiyo huonekana mti unapochanua, baada ya miaka ya kupalilia. Mwaka 2015 watafiti walieleza chanzo chake katika jarida la Nature: mpangilio wa jeni ulibaki uleule, ila alama za kikemia zinazonyamazisha kipande kiitwacho Karma, kilichomo ndani ya jeni ya maua, zilikuwa zimefutika. Kuyajua hayo na bado kumwahidi mkulima nakala kamilifu ni kumdhulumu.

Wala kuokota mbegu chini ya Tenera si njia ya mkato, maana Tenera hubeba jeni moja ya gamba nene, ya Dura, na moja ya kukosa gamba, ya Pisifera. Ikichavushwa na Dura ya jirani, nusu ya uzao hurudi kuwa Dura, na ikichavushwa na Tenera nyingine, robo huwa Dura na robo Pisifera, ambayo mikungu yake mara nyingi huoza kabla ya kuiva.

Yanayofaa ni kununua miche iliyotokana na uchavushaji wa kudhibitiwa, kuuliza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kabla ya kulipa, na kukataa mche usiojulikana asili yake. Mwenye shaka na mti unaozaa tayari akate tunda katikati kwa kisu kikali: Tenera huonyesha duara la nyuzi nyeusi kuzunguka gamba, na Dura haina duara hilo.