UFAFANUZI: UKAAZI WA WAGENI WASTAAFU

Mgeni mstaafu aingiaye nchini kwa Rusumo au Kabanga, wilayani Ngara, na kushika njia ya Nyakanazi, anapaswa kufahamu kuwa viza ni ruhusa ya kuingia, si ya kuishi. Viza ya kawaida ya matembezi haizidi siku 90. Akusudiaye kukaa zaidi huomba Kibali cha Ukaazi Daraja C chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, itumikayo Bara na Zanzibar. Kibali hicho peke yake hakimpi ruhusa ya kufanya kazi ya ujira. Tarehe ya mwisho ikipita, hata mzee mwenye pensheni huwa mkaazi asiye halali. Hivyo, wenyeji wanashauriwa kumkumbusha mgeni wao aombe nyongeza ya muda kabla ya siku hiyo.