Fahamu: Jinsi mke au mume Mchina anavyohamia Marekani

Kufunga ndoa na raia wa Marekani hakumpi Mchina kibali cha kuishi huko. Kunampa nafasi ya kuombewa viza ya uhamiaji tu.

Nani anaanza?

Mwenza aliye raia. Huwasilisha fomu I-130 kwa idara ya uhamiaji, USCIS, pamoja na ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Wenza wa raia hawawekewi ukomo wa idadi kwa mwaka. Wa wakaazi wa kudumu hupanga foleni.

Nyaraka za China

Hapa panahitaji subira. Kitabu chekundu cha ndoa pekee hakitoshi. Ubalozi wa Marekani hutaka vyeti kutoka ofisi ya uthibitishaji, gongzhengchu, vyenye tafsiri ya Kiingereza: cha kuzaliwa, cha ndoa, cha talaka kama ilikuwapo, na cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu.

Udhamini na usaili

Kwa fomu I-864, mdhamini kwa kawaida huonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Aisome vizuri kabla ya kusaini: talaka haifuti wajibu wa kumhudumia mwenza. Usaili hufanyika Guangzhou, kusini, hata kwa mkaazi wa Harbin, kaskazini kabisa.

Baada ya kuwasili

Mwenye ndoa isiyofikisha miaka 2 hupewa kadi ya ukaazi ya miaka 2 yenye masharti. Wanandoa huomba masharti yaondolewe, kwa fomu I-751, ndani ya siku 90 kabla haijaisha.

Uraia ni uamuzi mzito zaidi. Sheria ya Uraia ya China ya 1980 haitambui uraia pacha: aliyehamia ng'ambo na kuchukua uraia mwingine kwa hiari hupoteza ule wa China.