Mwito wa Mitume na Wale Waliobaki Nyumbani

Tukisema juu ya mwito wa mitume, mara nyingi tunawatazama wale walioondoka tu. Simoni na Andrea wanaacha nyavu zao. Lawi anainuka mahali pa ushuru. Tunafanya vema. Lakini Injili inatuonyesha mtu mwingine tena, ambaye tunampita haraka. Mwinjili Marko anasimulia kwamba Yakobo na Yohani walipoitwa na Bwana Yezu, walimwacha baba yao Zebedayo ndani ya chombo pamoja na watu wa mshahara. Ndugu wasomaji, leo tumtazame mzee huyu, kwa maana mwito wa Mungu unamgusa anayekwenda, unamgusa na anayebaki.

1. Zebedayo alitoa nini?

Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa Tanganika tunaijua kazi ya uvuvi. Mmoja anapiga kasia, mmoja anatupa wavu, mmoja anashika taa usiku wa ndagala. Baba mwenye wana wawili wenye nguvu hana haja ya kuogopa uzee. Zebedayo alibaki na watu wa mshahara, ndiyo; lakini mtu wa mshahara akipata bwana mwingine, huenda zake. Injili haisemi kama mzee alikasirika au alifurahi. Inasema tu kwamba wana walikwenda naye akabaki. Basi, siku ile si wana peke yao waliomtolea Mungu kitu.

2. Mama aliyeomba viti

Mama yao naye anaonekana katika Injili ya Matayo. Walipokuwa wakipanda kwenda Yeruzalemu, alimwendea Bwana akaomba wanawe wakae mmoja kuume na mmoja kushoto katika ufalme wake. Tusimcheke. Alikuwa amewatoa wana wawili. Aliona haki apate heshima. Yezu hakumfukuza. Aliwauliza wana kama wanaweza kunywa kikombe chake, kiisha akawafundisha wote kwamba aliye mkubwa ni yule anayewatumikia wengine. Na kikombe kile kilikuja kweli: karibu na mwaka wa 44 mfalme Herode Agripa alimwua Yakobo kwa upanga.

Lakini angalieni jambo hili. Siku ya Ijumaa, Bwana alipotundikwa msalabani, Matayo anamtaja mama huyo kati ya wanawake waliokuwapo wakitazama kwa mbali. Alikuwa ameomba viti. Akaonyeshwa msalaba, wala hakukimbia. Mama huyu naye alijifunza kumfuata Yezu.

3. Je, mtume awaache wazazi na njaa?

Hapana. Bwana mwenyewe aliwakemea vikali Wafarizayo waliosema kwamba mali yao ni sadaka ya Mungu, wapate kukataa kuwasaidia baba na mama. Amri ya nne haikufutwa na mwito. Zaidi ya hayo, akiwa msalabani Yezu alimkabidhi Mama yake kwa mfuasi aliyempenda, naye akampokea kwake. Mapokeo ya Eklezia yanasema kwamba mfuasi yule ndiye Yohani, mwana wa Zebedayo. Yule aliyemwacha baba chomboni ndiye aliyepewa mama wa kumtunza! Mtume haachi kupenda watu wake. Anachoacha ni kuufanya utume kuwa shamba la ukoo wake.

4. Na kwetu?

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba, Askofu Victor Roelens alimpa upadri Stefano Kaoze. Yeye ndiye padri mwenyeji wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Tufikiri juu ya wazee wa jamaa yake. Hawakuwa na mfano wa kutazama; hakuna jirani aliyeweza kuwaambia mtoto huyu atakuwa mtu wa namna gani. Walimtoa kama Zebedayo, bila kujua mwisho wake.

Sisi wa leo tunao mfano, lakini tuna hatari nyingine. Nitawaambia kosa langu. Siku chache nyuma ya kupewa upadri, mjomba wangu aliniita kando akaniuliza: « Baba Padri, nyumba ya mama yako itapata mabati lini? » Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana aliuza samaki wakavu miaka mingi ili nisome. Nikamjibu: « Mjomba, tutaona. » Lilikuwa jibu la woga. Alingoja miaka miwili, kiisha akaacha kuja Misa. Nilipokwenda kumweleza wazi maisha ya padri na mfuko wake, alinyamaza sana, halafu akasema: « Ungaliniambia tangu mwanzo, mwanangu. » Mabati hayakupatikana mwaka ule, lakini mjomba alirudi kanisani.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka wa 1965, ulifundisha kwamba jamaa ya Kikristu ni kama seminari ya kwanza. Basi, ninyi fratri na watoto wa seminari, mkienda likizo msiwadanganye wazazi kwa kunyamaza. Waambieni kweli: viti hatuna, kikombe tunacho. Kalimeni shamba lao, pondeni mihogo pamoja nao, na pale mnapoweza kuwasaidia, saidieni bila aibu. Ninyi wazazi, mkimtoa mtoto, msimtoe kama mtu anayekopesha. Na ninyi Wakristu wa parokia, mkumbukeni mama mzee wa padri wenu anayebaki peke yake kijijini. Kumchotea maji nako ni kazi ya kitume.

Bikira Maria, Malkia wa Mitume, ambaye naye alimtoa Mwana wake, awaombee wanaokwenda na wanaobaki.