Miguu inakaza: ni kamba ao ni amri?

Wazee waliofanya kazi chini ya udongo kule Kipushi wanajua: mashini ya kupandisha watu ikikatala kwenda, fundi hakati kamba mara moja. Anauliza kwanza: kamba njo imeharibika, ao motere, ao amri haifiki? Ukikata kamba nzima, umeongeza shida juu ya shida.

Mwili wa mtu ni vile vile. Misuli ni kamba. Ubongo unatoa amri, mishipa ya fahamu ni nyaya zinazopeleka ile amri. Mzee aliyepigwa AVC, mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, mchimbaji aliyeangukiwa na mawe mgongoni: wote wanaweza kutembea vibaya, lakini sababu si moja. Hapa kwetu Kasenga jirani anasema tu: "Balimuloga." Na miaka inapita bure.

Congo yetu ina mfano wake: konzo. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938, kule Kwango. Jina hilo kwa lugha ya Wayaka ni kusema miguu iliyofungwa. Mtu alikuwa mzima. Kwa ghafula miguu inakaza, magoti yanagongana, anatembea kwa vidole. Inashika zaidi watoto na wamama, pale watu wanapokula mihogo michungu isiyoloweshwa siku za kutosha, bila samaki wala maharagi. Haiambukizi mtu mwingine. Sumu ya mihogo imeharibu nyaya za amri. Kamba zenyewe hazikuwa na kosa.

Na wachimbaji wasikie hii pia. Mwaka 1837, kule Glasgow, daktari Couper aliandika juu ya wafanyakazi waliosaga mawe ya manganezi na kuishiwa nguvu za miguu. Vumbi lile linaingia kwa pumzi na kugusa ubongo. Manganezi tunayo sisi pia, kule Kisenge.

Sasa kompyuta inaingia wapi? Kwenye chuo kikuu cha Stanford, Marekani, Profesa Scott Delp na wenzake walitengeneza programu OpenSim, na tangu 2007 wanaigawa bure. Ndani yake kuna mifupa na misuli iliyochorwa, kila msuli na urefu na nguvu yake. Kamera zinafuata mgonjwa akitembea, vipimo vya chini vinaonyesha mguu unakanyaga kwa nguvu gani. Kompyuta inahesabu: msuli gani unavuta, saa gani, kwa kiasi gani.

Faida yake tuione kwa watoto wanaotembea magoti yamepinda kwa sababu ya ubongo kuumia. Zamani waganga wengi waliwaza kwamba misuli ya nyuma ya paja ni mifupi, basi wairefushe kwa kisu. Hesabu za kompyuta zilionyesha kwamba kwa wengi wao misuli ile haikuwa mifupi hata kidogo. Kisu kingekata kamba isiyo na kosa. Na iliyokatwa hairudi.

Leo watu wa Stanford wana pia OpenCap: telefone mbili za iPhone zinapiga video, kompyuta inafanya hesabu. Kazi iliyoomba chumba kizima cha mashini sasa inaingia ndani ya mufuko.

Hatusemi kompyuta inaponyesha. Konzo ikishashika haitoki. Lakini kuna mambo matatu yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, mtoto ao mume akianza kutembea vibaya, mpigeni video, mwili wote, mbele na upande, bila viatu. Pelekeni kwa munganga ku lopitalo, mumwambie ilianza lini, anakula nini, anachimba nini.

Pili, mihogo michungu iloweshwe siku tatu kamili, hata kama njaa inasukuma. Kama ni unga, uchanganyeni na maji, muutandaze mwembamba kwenye jua saa mbili. Sumu inatoka na hewa. Kisha pikeni bukari siku ile ile.

Tatu, mutu akitaka kumkata mgonjwa wenu, ulizeni bila haya: "Munganga, ni kamba ao ni amri?" Fundi muzuri hakasiriki kwa ulizo hilo.