Kiti cha Mtoto Garini: Sheria Nyingi, Shingo Moja

Mtoto wa miezi 18 akifungwa kwenye kiti kinachotazama mbele jijini London, huenda mzazi wake hajavunja sheria yoyote. Akifungwa vivyo hivyo Los Angeles, kuna kosa: tangu 2017, California inataka mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 atazame nyuma, isipokuwa kama ana takriban kilo 18 au urefu wa sentimita 102. Kwa wakubwa, mambo ni yaleyale. Mtoto wa miaka 11 mwenye sentimita 140 haambiwi chochote Uingereza, kwa kuwa kikomo huko ni miaka 12 au sentimita 135, kimojawapo kikitangulia. Ufaransa kikomo ni miaka 10. Ujerumani bado atatakiwa kukalia kiti chake hadi afikishe sentimita 150 au miaka 12.

Hata ndani ya Uingereza peke yake kuna mkanganyiko. Viti vya kiwango cha R44 hupangwa kwa uzito, na mtoto huweza kugeuzwa mbele akifika kilo 9. Vya R129 vinavyopimwa kwa urefu humtaka atazame nyuma hadi apite miezi 15. Tena teksi ikiwa haina kiti cha mtoto, sheria inasamehe, ilhali ajali haisamehi.

Tofauti hizi hazikutokana na miili ya watoto. Kila bunge liliafikiana kivyake. Tennessee, jimbo la kwanza Marekani kulazimisha viti hivyo, ilianza 1978, lakini iliruhusu pia mtoto kupakatwa. Mwanya huo uliondolewa miaka michache baadaye.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Gari lililokuwa likienda kilomita 48 kwa saa likisimama ghafla ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 136. Hakuna mikono inayoweza kuuzuia mzigo huo, hata ya mama.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake, na pingili za shingo yake bado zina gegedu nyingi. Akitazama mbele, mikanda hushika kiwiliwili huku kichwa kikirushwa na kuivuta shingo. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja, kama kiganja kinavyodaka yai. Ndiyo maana Sweden, ambako Profesa Bertil Aldman alibuni kiti cha aina hiyo miaka ya 1960, wazazi hushauriwa kumwacha mtoto atazame nyuma hadi miaka 4.

Kwa mtoto mkubwa, kiti cha kumwinua huweka mkanda juu ya mifupa ya nyonga na bega. Bila hicho, mkanda hupanda tumboni na shingoni.

Kwa hiyo, mzazi, ichukulie sheria kuwa kiwango cha chini tu. Mpime mtoto uzito na urefu, kisha usome lebo iliyo kwenye kiti. Mwache atazame nyuma hadi afikie kikomo cha kiti hicho. Na kamwe usiweke kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa.